Kazi Isiyozaliwa: Udhibiti wa Dola na Maadili ya Kujitolea kwa Pamoja

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuujadili udhibiti kwa kuanzia kwenye maandishi. Huuliza ni kitabu gani kilichopigwa marufuku, ni mwandishi yupi aliyetiwa gerezani, ni sehemu ipi iliyofutwa na kwa sababu gani. Utaratibu huu una manufaa makubwa. Ndio uliotuwezesha kuisoma Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla tukiwa na ufahamu wa kijitabu cha "Kenya: Twendapi?" cha mwaka 1968 na kifungo cha miaka mitatu kilichofuata. Hata hivyo, utaratibu huu una upungufu ambao haujazingatiwa vya kutosha. Unachukulia kwamba kila kilichodhulumiwa na mdhibiti kiliwahi kuwapo: kwamba kuna mswada tunaoweza kuutafuta, mwandishi tunayeweza kumtetea, na tarehe tunayoweza kuitaja.

Makala haya yanashughulikia dhuluma ya aina nyingine, nayo ni ile inayozifika kazi zinazotungwa na watu wengi kwa kujitolea, bila malipo na bila mkataba. Tunadai kwamba udhibiti huzidhuru kazi za namna hii kabla hazijawa kazi, na kwamba kwa sababu hiyo dhuluma yenyewe haiachi ushahidi. Swali la kimaadili linalotukabili ni hili: je, inawezekana kuwajibika kwa kazi ambayo haikuzaliwa? Na kama inawezekana, anayewajibika ni nani?

Swali hili halikutujia kutoka maktabani. Mwezi Juni 2024, Mswada wa Fedha wa Kenya ulipokuwa mbele ya Bunge, vijana katika sehemu nyingi za nchi waliufasiri kwa lugha zao na kuusambaza kwa simu. Mjini Malindi, baadhi ya wanafunzi wetu wa uzamili walikusanyika katika nyumba moja ili kuufasiri kwa Kiswahili na Kigiriama na kuusoma kwa sauti. Mwandishi wa makala haya alialikwa jioni mbili kama msahihishaji wa lugha. Aliwakuta humo pia mwendesha bodaboda, mwalimu mstaafu na mama mmoja muuza mahamri. Walipofikia pendekezo la kutoza mkate kodi ya asilimia 16, mama huyo aliuliza, "Je, mahamri nayo ni mkate?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Ilibidi wanafunzi wairudie sheria yenyewe, waangalie jinsi mkate ulivyofafanuliwa, na kuiandika upya fasiri yao. Fasiri iliyopatikana ilikuwa bora kuliko ambavyo yeyote kati yetu angeiandika peke yake.

Mwaka uliofuata, mswada mwingine wa fedha ulipochapishwa, mmoja wa wanafunzi hao alikuja ofisini kuuliza kama waanze tena. Tutayarejea majibu aliyopewa katika sehemu ya 6.0, kwani ndiyo yaliyotulazimisha kuandika makala haya.

2.0 Msimulizi na Mwitikiaji

Kabla ya kupima hasara, yafaa tuelewe asili ya kinachopotea. Fasihi yetu simulizi inatupa mfano ulio wazi. Msimulizi wa ngano husema "Paukwa", na hadhira huitikia "Pakawa". Aghalabu tumewafundisha wanafunzi kwamba hii ni fomula ya kufungulia ngano. Maelezo hayo ni sahihi ila hayajitoshelezi. Mwito huo pia ni ombi la idhini. Msimulizi asipoitikiwa hana ngano. Ana maneno tu kinywani mwake. Hadhira, kwa neno lake moja, huwa imekubali kuwa sehemu ya utunzi.

Kazi ya kujitolea kwa pamoja ina umbo hilohilo. Miongoni mwa Wagiriama na Wamijikenda wengine kuna utaratibu wa mweria, ambapo majirani hukutana kulima shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho. Waswahili tuna neno ujima. Katika kazi ya namna hii hakuna anayelipwa, na kwa hiyo hakuna anayeweza kulazimishwa kuja. Kinachomleta kila mmoja ni imani kwamba wengine nao watakuja. Nguvu ya ujima imo katika matarajio haya, na udhaifu wake umo papo hapo. Mkulima wa kuajiriwa atalima hata akijua kwamba mwenzake hakuja, maadamu atalipwa. Mwana ujima akisikia kwamba wenzake wanasitasita, naye husita. Na kusita kwake huwa ni sababu ya mwingine kusita.

John Milton, alipopinga leseni za uchapaji huko Uingereza mwaka 1644, alilinganisha kukiua kitabu na kumuua mtu. John Stuart Mill, mwaka 1859, alidai kwamba anayenyamazisha rai huwaibia wanadamu wote, waliopo na watakaozaliwa. Hoja zote mbili ni nzito, lakini zote mbili zinamwazia mwenye rai aliyekwisha kuwa nayo, anayezuiwa kuitoa. Kazi ya ujima haina mwenye rai wa namna hiyo. Swali kuhusu mahamri halikuwamo kichwani mwa yeyote kabla ya watu wale kuketi pamoja. Lilizaliwa na kikao. Kikao kisingekuwapo, lisingekuwapo, na wala hakuna ambaye angedai kuwa amenyang'anywa. Hapa ndipo istilahi tulizorithi zinapotuishia.

3.0 Kuharibiwa kwa Uwanja

Ikiwa wanafalsafa wa udhibiti hawakulizingatia jambo hili vya kutosha, watawala wamelielewa zamani. Historia ya pwani yetu inalo tukio la kulithibitisha. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alizunguka Ugiriama akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, akawahimiza kukataa kodi na kazi za kulazimishwa, hadi viapo vikafanyika Kaya Fungo. Mwezi Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Serikali ya kikoloni haikuridhika kuwaondoa wasemaji. Mwezi Agosti 1914 iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Ukilitafakari tendo hilo utaona kwamba halikuwa na haja ya kufuta neno lolote. Nyimbo hazikuandikwa mahali; kiapo hakikuwa na nakala. Kilichohitajika kufutwa kilikuwa ni mahali pa watu kukutana.

Miaka sitini na zaidi baadaye, serikali ya Kenya huru ilifanya jambo linalofanana na hilo huko Limuru. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, wengi wao wakulima na vibarua, walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, wakaufanyia mazoezi mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji wakawasahihisha waandishi kuhusu lugha, nyimbo na taratibu za sherehe. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kibali chake kikaondolewa tarehe 16 Novemba, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Mwezi Machi 1982, baada ya mchezo wa pili wa kundi hilo, Maitũ Njugĩra, kuzuiwa kuonyeshwa katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo, askari walitumwa Kamĩrĩĩthũ na jukwaa likabomolewa.

Kati ya tarehe hizo ipo moja ambayo wahakiki hatuitilii mkazo unaostahili. Mwaka 1980, kitabu cha Ngaahika Ndeenda kilichapishwa jijini Nairobi na kuuzwa madukani. Kwa hiyo maneno yaliruhusiwa na kikao kikazuiwa. Mtu angeweza kuyasoma mazungumzo yote ya mchezo huo akiwa peke yake chumbani, lakini wanakijiji wasingeweza kuyatamka wakiwa pamoja uwanjani. Tukiupima udhibiti kwa maandishi peke yake, tutalazimika kusema kwamba kazi ile iliokoka. Tukiupima kwa ujima, tutaona kwamba iliyouawa ni ile iliyokuwa ikiendelea kuandikwa kila jioni na watu ambao majina yao hayako kwenye jalada. Jukwaa lilipobomolewa, ilipotea pia michezo ambayo Kamĩrĩĩthũ ingeitunga mwaka 1983, 1984 na kuendelea. Hiyo haimo katika orodha yoyote ya vitabu vilivyopigwa marufuku.

4.0 Hasara ya Asiyefungiwa

Mtu aweza kusema kwamba zama hizi zimelitatua tatizo la uwanja. Watu hawahitaji tena kaya wala jukwaa. Wanakutana katika mtandao wa intaneti, na mtandao hauna kuta za kubomolewa. Ushahidi uliopo hauungi mkono matumaini hayo. Fauka ya hayo, unatuonyesha jambo ambalo lilikuwa vigumu kuonekana zamani.

Mwezi Oktoba 2005, serikali ya China iliifungia Wikipedia ya Kichina. Kamusi elezo hiyo, kama ilivyo ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003, huandikwa na watu wanaojitolea. Wachangiaji walioishi China bara walizuiwa kuifikia. Lakini walikuwapo wengine, waliokuwa Taiwan, Hong Kong, Singapore na kwingineko, ambao hawakufungiwa kwa lolote. Mwaka 2011 watafiti wawili, Xiaoquan Zhang na Feng Zhu, walichapisha katika jarida la American Economic Review uchunguzi wao kuhusu hawa wasiofungiwa. Waligundua kwamba michango yao ilipungua kwa wastani wa asilimia 42.8. Aidha, waliopunguza zaidi ni wale waliokuwa wakithamini zaidi maingiliano na wenzao.

Wanauchumi wanalieleza jambo hili kwa istilahi za motisha na ukubwa wa kundi. Mhakiki wa fasihi simulizi hahitaji istilahi hizo. Watu hao waliita "Paukwa", na kwa mara ya kwanza sauti zilizoitikia zilikuwa chache. Hakuna aliyewaziba midomo. Waliowekewa ukuta ni masikio yaliyokuwa yakiwasikiliza.

Matokeo haya yanamhusu moja kwa moja mwandishi wa Malindi, kwa sababu lugha yake haiishii Lungalunga. Anayejitolea kuandika kwa Kiswahili, iwe ni makala ya kamusi elezo, faharasa ya istilahi za afya au fasiri ya sheria, huandika akiwa na msomaji wa Tanga, Unguja, Bujumbura na Bukavu akilini. Mwezi Juni 2018, baada ya Tanzania kutunga kanuni zilizowataka wenye majukwaa ya mtandaoni kusajiliwa na kulipia leseni, jukwaa la JamiiForums lililazimika kufungwa kwa muda. Kabla ya hapo, mwezi Desemba 2016, mwanzilishi wake mmoja, Maxence Melo, alikuwa amekamatwa na kushtakiwa, suala kuu likiwa ni kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji. Mwezi Septemba 2025, jukwaa hilohilo lilisimamishwa kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao ulizimwa kote nchini Tanzania kwa siku kadhaa. Kila tukio kati ya haya lilitokea ndani ya mipaka ya dola moja, chini ya sheria za dola moja. Hasara yake haikuwa na mipaka hiyo. Mdhibiti ana pasipoti, Kiswahili hakina. Anayezima taa Dodoma humpunguzia msomaji mtu wa Kilifi ambaye hakumpigia kura, hakumtukana wala hajulikani naye.

Jambo hili lina uzito wa kimaadili. Katika nadharia za kawaida, haki ya kujieleza hudaiwa na raia kwa serikali yake. Je, mwandishi wa Malindi amlalamikie nani? Hana kesi Tanzania kwa kuwa hakuzuiwa kusema, na hana kesi Kenya kwa kuwa si Kenya iliyomzuilia msomaji. Amedhurika, na hakuna mahakama inayomtambua kuwa mwenye madhara.

5.0 Hoja Mbili za Kupinga

5.1 Hoja ya fumbo

Hoja ya kwanza inatoka ndani ya taaluma yetu. Inasemwa kwamba udhibiti hunoa ubunifu. Kwamba bila hofu ya dola tusingekuwa na mafumbo, istiari na ngano za wanyama ambazo wahakiki tumezifasiri kwa miaka mingi. Hoja hii inaweza hata kuongezewa mfano wa karibu. Tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zilipozuka baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Katika pengo hilo, mwezi Januari 2008, kikundi kidogo cha Wakenya na wenzao kilianzisha Ushahidi, mfumo uliokusanya taarifa za wananchi kwa ujumbe wa simu na barua pepe na kuziweka kwenye ramani. Hapa udhibiti ulizaa ushirikiano.

Mfano huo ni wa kweli na tunaukubali. Lakini yafaa tutazame ni nani aliyezuiwa. Amri ya mwaka 2007 iliwalenga wenye mitambo ya utangazaji; haikuwafikia waliotuma ujumbe wala haikudai majina yao. Mkono wa mdhibiti uliziba mlango mmoja na kuacha mwingine, na watu wakapita palipoachwa wazi. Hilo halithibitishi kwamba kufunga milango kunawafaa wapitaji.

Ama kuhusu fumbo, tunaona kwamba ni silaha ya mtunzi mmoja. Mshairi aliye peke yake anaweza kusema chui akimaanisha rais, na msomaji mwerevu akafahamu baada ya mwezi au mwaka. Ujima hauwezi kuendeshwa kwa fumbo. Wanaotaka kufasiri mswada hawana budi kuambiana waziwazi ni mswada upi, kifungu gani, nani atasoma, wakutane wapi na saa ngapi. Mambo haya ya kawaida kabisa, ambayo hayana sitiari ndani yake, ndiyo yanayomtambulisha mtu kwa anayemtafuta. Mwezi Mei 2025, mtayarishaji programu mmoja jijini Nairobi alikamatwa kwa kuunda ukurasa uliowawezesha wananchi kulipelekea Bunge maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Mwezi uliofuata mahakama iliona kwamba mashtaka hayakuonyesha kosa, ikamwachilia. Sheria ilishinda, na tunafurahi. Lakini usiku aliolala mahabusu ulikwisha kuhesabiwa na kila kijana nchini aliyekuwa akifikiria kuunda kitu kama kile.

5.2 Hoja ya Shakahola

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na mkazi wa Malindi hana haki ya kuikwepa. Mwezi Aprili 2023 makaburi ya kwanza yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, na hatimaye miili zaidi ya 400 ilitolewa. Waliozikwa humo walikuwa wafuasi wa mafundisho ya kufunga kula hadi kufa, mafundisho yaliyotanguliwa na miaka ya mahubiri yaliyorekodiwa na kusambazwa. Aliyepita karibu na hifadhi ya maiti ya Malindi miezi ile hawezi kuuzungumzia uhuru wa kusema kwa wepesi. Watu waliuliza, na wana haki ya kuuliza: dola ilikuwa wapi? Kwa nini midomo ile haikufungwa mapema?

Tunaijibu hoja hii kwa mambo mawili. Kwanza, dola haikukosa uwezo wa kufunga midomo. Mhubiri mhusika alikuwa amefikishwa mahakamani kabla ya 2023, na mwezi Novemba 2023 mahakama ya Malindi ilimtia hatiani kwa kuonyesha na kusambaza filamu bila leseni ya bodi ya filamu. Sheria ya udhibiti ilikuwapo miaka yote hiyo, na hatia chini yake ilikuja baada ya makaburi. Kilichokosekana ni kusikiliza. Jamaa za watu waliotoweka na watetezi wa haki wa hapa Malindi walikuwa wamepiga kelele kabla ya hapo, na kamati ya Seneti iliyochunguza maafa hayo iliwalaumu maofisa wa usalama kwa kupuuza taarifa walizopewa. Kwa maneno mengine, tatizo lilikuwa raia wanaojitolea kusema na dola isiyoitikia.

Pili, na hili ni la msingi zaidi, tunapaswa kutofautisha usemi unaongoja jibu na usemi unaolifuta jibu. Yaliyosemwa Shakahola yalisemwa kwa watu waliotengwa na jamaa zao, waliotolewa watoto wao shuleni, waliofundishwa kwamba kuuliza ni dhambi. Ilikuwa ni "Paukwa" isiyoruhusu "Pakawa". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inaulinda uhuru wa kujieleza na papo hapo inauondoa ulinzi huo kwa uchochezi wa vurugu na usemi wa chuki. Hatuna ugomvi na mpaka huo. Tunachosema ni kwamba mdhibiti anayevunja kikao cha watu wanaojibizana hafanyi kinyume cha kilichofanyika Shakahola. Naye pia huwatenga watu, na naye pia huwafundisha kwamba kuuliza kuna hatari. Kama Shakahola ina funzo kwa mjadala huu, basi ni kwamba jamii inahitaji watu wengi zaidi wa kuuliza kama mahamri ni mkate.

6.0 Nani Anawajibika?

Sasa tuyarejee majibu aliyopewa mwanafunzi wetu. Alikuja asubuhi moja mwezi Juni 2025, akaketi, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Wenzangu wanauliza kama tuanze tena ule mswada." Mwandishi wa makala haya alimwitikia, akamuuliza hali ya nyumbani, kisha akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu. Malizia tasnifu. Mambo yakitulia tutaona." Mwanafunzi akashukuru na kuondoka. Mswada wa mwaka 2025 haukufasiriwa katika nyumba ile.

Ni nani aliyeizuia kazi hiyo? Hakuna barua iliyoandikwa na ofisi yoyote. Hakuna askari aliyefika. Mtu akifanya utafiti wa udhibiti katika eneo la Malindi kwa mwaka 2025, hataipata kazi hii, kwa sababu hakuna cha kupatikana. Mwandishi aliyezuia alikuwa na sababu njema: alimpenda mwanafunzi, alikumbuka kwamba mwezi huohuo kijana mmoja, mwalimu, alikuwa amefariki mikononi mwa polisi jijini Nairobi baada ya kukamatwa kwa ajili ya aliyoyaandika mtandaoni. Wahenga wametuachia methali ya kutuliza dhamiri katika hali kama hizi: funika kombe mwanaharamu apite. Methali hii ina hekima. Lakini haituelezi ni nani atakayelifunua kombe, na lini.

Ziko rai mbili zinazopendeza kwa urahisi wake. Rai ya kwanza yasema kwamba dola peke yake ndiyo yenye hatia, kwa kuwa ndiyo iliyotia hofu. Wengine wote ni waathiriwa. Rai ya pili yasema kwamba kila aliyejitoa ni mwoga na mshirika wa dhuluma. Rai ya kwanza inatufanya watoto wasioweza kuulizwa kitu. Ya pili inadai ushujaa kwa watu ambao, kwa asili ya kazi yenyewe, hawakuahidi lolote. Aliyejitolea hakula kiapo. Mama wa mahamri akiamua kubaki nyumbani na wanawe, hakumdhulumu yeyote. Alikuwa akitoa zawadi, na mwenye zawadi hana deni.

Tunapendekeza kwamba uwajibikaji upimwe kwa nafasi ya mtu katika mnyororo wa matarajio tulioueleza katika sehemu ya 2.0. Ikiwa kila mmoja huja kwa sababu anaamini wengine watakuja, basi wapo watu ambao kusita kwao kuna uzito mkubwa kuliko wa wengine, kwa sababu wengi huwatazama. Mwalimu ni mmoja wao. Mzee wa kaya ni mwingine, na imamu, na mchungaji, na mhariri. Mwanafunzi alipokuja ofisini hakuwa akitafuta habari za sheria; hizo alikuwa nazo kuliko mwalimu wake. Alikuwa akiuliza kama angeitikiwa. Aliyemjibu "ngoja" aliwajibu watu wote waliokuwa nyuma yake, pamoja na wale ambao hakuwahi kuwaona. Mdhibiti alipanda hofu, na hatia ya hofu ni yake daima. Lakini hofu hiyo ilihitaji mtu mwenye heshima wa kuifikisha kwa sauti ya upole, na mtu huyo akapatikana.

Hii haimaanishi kwamba mwalimu alipaswa kusema "nendeni". Kumtuma kijana kwenye hatari ukiwa wewe umeketi ofisini ni kosa kubwa zaidi. Jibu la haki lilikuwa la tatu, nalo halikumjia kwa wakati: "Tuanze, na jina langu litangulie." Katika kazi ya kujitolea, wajibu wa aliye na cheo ni kuibeba sehemu ya hatari inayoambatana na kujulikana, ili wasio na cheo wabebe sehemu ya kazi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba udhibiti wa dola huziathiri kazi za kujitolea kwa pamoja kwa namna isiyopimika kwa orodha za vitabu vilivyofungiwa. Huharibu uwanja, kama ulivyofanya Kaya Fungo na Kamĩrĩĩthũ. Huwapunguzia wasikilizaji hata wale ambao haukuwagusa. Na hukamilishwa, mara nyingi, na watu wema wanaoshauri subira. Tumedai pia kwamba yapo maneno ambayo jamii ina haki ya kuyazuia, na kwamba kigezo kimoja cha kuyatambua ni kuuliza iwapo yanaruhusu kuitikiwa.

Kwa wahakiki, yapo mambo mawili yanayofuata. La kwanza ni la kitaaluma: tuanze kuziandikia historia kazi zilizokatika njiani, kwa kuhifadhi rasimu, mihutasari ya vikao na kumbukumbu za walioshiriki, kabla hawajasahau kwamba walikuwa wakitunga kitu. La pili ni la mtu binafsi. Rasimu ya fasiri ya mwaka 2024 ingalipo, pamoja na maswali yaliyoandikwa pambizoni kwa mikono mbalimbali. Mwandishi amemwita mwanafunzi wake na kumwomba radhi, na wamekubaliana kuikusanya upya mswada wa fedha utakaofuata utakapochapishwa. Safari hii jina la mwalimu litaandikwa juu ya ukurasa. Kama watu wa nyumba ile watakuja tena au la, hilo ni lao kuamua. Mwaka mmoja wa kungoja haufutiki kwa kuomba radhi.